Ukurasa wa Kumi na Nane

Uda, 2 Desemba 1986

Kwa Teiji,

Baada ya salamu. Huku baridi imekwisha kuingia, asubuhi maji ya ndoo yanafanya utando wa barafu juu. Matunda ya makaki nimeyamenya na kuyaanika barazani kama kila mwaka, kamba kumi na mbili, ingawa mwaka huu sijui nani atakayeyala. Bibi Okuno wa nyumba ya pili anakusalimu. Paka wa Mama bado anakaa mlangoni jioni kumsubiri. Mkeo Haruyo nisalimie sana, na mtoto Sayo pia. Za kwako nimezipunguza, ukinuna shauri yako.

Simu umepiga mara nne na mara nne nimeiacha ilie. Maneno ya simu hayana mwenyewe. Nataka unijibu kwa mkono wako, niishike karatasi.

Kitabu cha Mama kiko wapi?

Usiniulize kitabu gani. Kitabu chake cha mihuri, chenye jalada la kitambaa cha zambarau, alichokianza mwaka aliokufa Baba. Mahekalu kumi na nane ya Kannon Mwenye Huruma katika milima yetu, kila hekalu ukurasa wake, jina kwa wino mweusi na muhuri mwekundu juu yake. Kumi na saba aliyapata kwa miguu yake. Ulimsikia mwenyewe akisema: "Siku nikifa nilazieni kifuani, nisije nikafika huko nikaulizwa duniani nilikuwa nafanya nini." Na siku ya kufunga jeneza niliuliza mbele ya watu wote, nani amekiona kitabu cha Mama. Shangazi alifungua kabati zote. Tumemsafirisha na viatu vya majani, kanzu nyeupe ya hija na pakiti ya chai. Kitabu hakuna. Ameungua kwenye tanuru la maiti mikono mitupu.

Mtu wa mwisho kutoka naye ni wewe. Tarehe 25 Oktoba nilikwenda kwa daktari wa meno, nikarudi nikakuta kikaratasi mezani: "Tumetoka na Teiji, tunarudi jioni." Mwanamke wa miaka themanini na mbili, mwenye kifua, siku ya mawingu. Siku kumi na tano baadaye nilikuwa namwosha maiti.

Siku yake ya arobaini na tisa ni tarehe 27, na siku hiyo mifupa ingepaswa kuingia kaburini. Haitaingia. Chungu cha mifupa kitakaa hapa mbele ya picha yake mpaka kitabu kipatikane. Nimemwambia hivyo mtawa wetu, akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mwache anitazame.

Nijibu.

Dada yako,
Fusae


Kushiro, 14 Desemba 1986

Dada Fusae,

Barua imefika, pole na baridi, ingawa baridi ya huko ukiileta huku tutavulia makoti. Theluji imefika magotini. Haruyo anakusalimu, amepata mafua lakini yanakwisha. Sayo ameongezeka kimo, viatu vya mwaka jana havimwingii. Mimi niko kiwandani siku zote, majokofu mawili yameharibika kwa pamoja na samaki hawasubiri msiba wa mtu.

Kitabu sina. Mama alikishika mwenyewe, kwenye ule mfuko wake wa kitambaa. Tafuta tena.

Kwa kuwa unataka kujua siku ile ilivyokuwa, nitakueleza. Nilikodi gari stesheni. Saa tatu asubuhi nilimkuta amekaa kizingitini, viatu mguuni, kofia kichwani, kama mtoto anayengoja basi la shule. Tulikwenda hekalu la tano kwa sababu alitaka kumsalimia yule mtawa mwenye ndevu, kumbe alikufa zamani, akamsalimia mwanawe. Tukaenda hekalu la tisa. Tukapita mzimuni pa Mbweha, pale penye malango mekundu, akainama mara mbili akapiga makofi mara mbili, akamwombea paka wake apunguze ukali. Tulikula wali uliofungwa kwa majani ya mkaki, akamaliza wake akala na nusu yangu. Alicheka, Dada. Nilikuwa nimesahau kwamba Mama hucheka huku ameziba mdomo kwa mkono.

Hekalu la kumi na nane hatukufika. Mvua ilitukatiza, tukageuza gari, tukarudi.

Unasema nilimtoa siku ya mawingu. Wewe ulimtoa siku gani? Nilipokuja mwaka juzi alikuwa chumba kile kile, dirisha lile lile, blanketi lile lile. Umemtunza, sikatai, lakini hata bakuli la thamani hutolewa kabatini siku za sherehe. Usiniandikie kama hakimu.

Tarehe 27 sitaweza kuja. Kazi ndiyo hiyo, na njia zimefungwa.

Teiji


Uda, 23 Desemba 1986

Teiji,

Mimi mzima. Baridi ni ile ile. Bibi Okuno ameanguka akavunjika kifundo cha mkono, lakini anaendelea vizuri. Salamu zimekwisha, sasa tuzungumze.

Bakuli. Miaka tisa nimemnyanyua bafuni, nimemkata kucha, nimemlisha uji alipokuwa hana meno ya kutafuna. Niliacha kufundisha nikiwa na miaka hamsini na mbili, wanafunzi wangu wakaja kunilia stesheni. Wewe ulikuwa unaleta kopo la samaki mwezi wa nane, unalala siku tatu, unakwenda zako ukiitwa mwana mwema. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Anayeniletea habari za bakuli na aje kwanza aoshe vyombo.

Nimetafuta tena. Nimetoa mikeka ya chumba chake, yote sita. Nimechungulia pipa la mchele. Na katika kutafuta nimegundua jambo jingine: mkongojo wake haupo. Ule wenye kengele, niliouzungushia kitambaa cha suti yangu ya shule pale mkononi. Mama hakuwa anakwenda hata chooni bila mkongojo ule. Siku ile ulimwingiza ndani umembeba mgongoni, nikadhani unajionyesha. Soksi zake zilikuwa zimelowa mpaka vifundoni, na goti la kushoto lina matope. Mtu aliyekaa ndani ya gari, mvua ikanyesha, gari likageuzwa, matope ya goti anayapata wapi?

Nilikuuliza siku ile ile mlangoni. Ukasema, "Amechoka tu, mpe chai." Kesho yake alfajiri ukaondoka. Siku tatu baadaye alianza kukohoa, na daktari akasema ni mapafu.

Nitaandika neno ambalo nimelizuia tangu mazishi. Wewe umemuua Mama. Umemuua, halafu ukaja ukasimama upande wa pili wa sinia tukaokota mifupa yake, mfupa mmoja kwa vijiti vyako na vyangu, kama desturi, na mikono yako haikutetemeka. Niliiangalia.

Tarehe 27 tutasoma sala bila wewe na bila kaburi. Usije. Ndugu wakiuliza nitawaambia theluji.

Fusae


Uda, 1 Februari 1987

Teiji,

Natumai nyote wazima. Hukujibu. Mwezi mzima na siku zaidi.

Kadi za msiba za mwaka mpya niliandika sitini na nne, kwamba nyumba hii ina matanga na haitapokea salamu za sherehe. Chini kwenye majina ya wafiwa nimejiandika mimi peke yangu. Shangazi ameona, akapiga simu, "Fusae, mbona umemfuta mdogo wako?" Nikamwambia amejifuta.

Nimetuma kifurushi cha makaki makavu. Si yako. Ni ya Sayo, na ukiyagusa nitajua.

Mtawa ameuliza tena habari ya kaburi, nikamwambia tusubiri. Chungu cha Mama kiko pale pale, kila asubuhi namwekea wali wa moto, kila asubuhi namwambia kitabu bado. Nimechoka kumwambia hivyo.

Fusae


Kushiro, 8 Machi 1987

Dada,

Makaki yamefika, Sayo amekula yote kwa siku mbili akaumwa tumbo, anashukuru. Haruyo anashukuru pia. Yeye ndiye aliyenikalisha mezani leo, akaniwekea kalamu, akasema, "Usipoandika leo nitamwandikia mimi." Barafu ya ziwa imeanza kupasuka, usiku tunaisikia ikilia.

Ndani ya bahasha hii kuna kibao cha mbao. Usikitupe. Soma kwanza.

Tulifika hekalu la kumi na nane. Nilikudanganya.

Unajua utaratibu wao pale: kitabu unakiacha kwa mtawa dirishani, chini, anakupa kibao chenye namba, unapanda juu kusali, na ukirudi unakuta ameshaandika. Mama alikitoa kitabu mfukoni akakifungua mwenyewe ukurasa ule mtupu, akaukunjua kwa kiganja, akampa. Tukapewa namba ishirini na saba. Nikakitia kibao katika mfuko wa koti.

Ngazi ni tisini na nne. Nilimwambia, "Mama, nisubiri hapa, nitapanda mimi nikusalie." Akasema, "We Teiji, utanilia na chakula?" Akaanza kupanda. Alipanda vizuri, kila ngazi kumi anapumzika. Mvua ikaanza. Tulifika pale penye sanamu ndogo ya Jizo, mlinzi wa wasafiri, yenye kitambaa chekundu kifuani, na hapo goti lake la kushoto likakunjika, akapiga chini. Hakulia. Alishika mguu wa sanamu akaniambia, "Ngoja kidogo." Nilingoja. Midomo yake ikawa ya buluu. Nikashikwa na hofu, nikambeba mgongoni nikashuka naye mbio, mkongojo nikauacha pale pale. Yeye anapiga bega langu kwa ngumi: "Juu, Teiji. Juu, si chini." Tulipopita dirishani akasema, "Kitabu." Nikasema, "Nitakirudia kesho, Mama."

Kesho yake nikapanda ndege.

Uliponipigia kwamba amekufa nilivaa koti lile lile, kwa sababu ndilo jeusi nililo nalo. Ulipouliza mbele ya jeneza, nani amekiona kitabu, mkono wangu ulikuwa mfukoni umekishika kibao hiki. Nilitazama mikeka. Hekalu liko dakika arobaini, ningesema wangeahirisha msumari, kitabu kingekuja. Lakini ningesema kitabu ningelazimika kusema ngazi, na ningesema ngazi ungesema lile uliloliandika Desemba. Mara mbili nimepiga simu hekaluni kutoka huku, mtawa anapokea, nakata. Na mikono yangu haikutetemeka kwenye mifupa kwa sababu niliikaza mpaka kucha zikanitoboa.

Sasa umeshinda. Lakini na mimi nina swali, na sitaondoka kwenye karatasi hii bila kuliuliza. Mama alikaa miaka sita na kurasa kumi na saba. Hekalu la mwisho liko dakika arobaini kutoka mlangoni kwako, na gari unalo. Barua alizoniandikia zote zina neno hilo: kila akikuomba, leo jua kali, kesho upepo, siku nyingine gari bovu. Asubuhi ile ndani ya gari aliniambia, "Fusae asijue, atakataa." Nani amfanye mama yake atoroke nyumbani kama mwizi? Nijibu hilo, kisha uniite muuaji mara ya pili.

Teiji


Uda, 29 Machi 1987

Teiji,

Barua yako niliiweka siku nne kwenye droo ya madhabahu, mbele ya Mama, kabla sijaweza kuisoma mara ya pili. Miplamu imekwisha kuchanua, micheri bado. Bibi Okuno mkono umepona. Haruyo mwambie ahsante, na ajue kwamba katika nyumba yenu mwenye akili ni yeye.

Nilikasirika sana. Nilivunja kikombe, kile chako cha bluu, na sikujuta. Kisha nikachukua kibao nikaendesha gari mpaka kule.

Mtawa wa dirishani ni kijana wa miwani. Niliweka kibao mbele yake bila kusema neno. Alikitazama, akavuta droo, akakitoa kitabu bila kukitafuta, kimefungwa kwa karatasi nyeupe. Akasema, "Yule bibi tulimsubiri sana. Siku ile dirisha tulilifunga saa kumi na moja badala ya saa kumi. Jina hakuandika ndani, hatukujua tumpigie nani." Ni kweli hakuandika. Alisema Kannon anamjua. Nilifungua pale pale. Ukurasa wa kumi na nane umejaa, wino mzuri, tarehe 25 Oktoba, muhuri mwekundu umekaa katikati.

Nikamwambia ukweli, kwamba bibi huyo hakufika juu. Muhuri ni ushahidi kwamba mtu amesimama mbele ya Kannon akasali, na Mama aliishia njiani. Nikamuuliza kama ukurasa ule ni halali. Akasema, "Mimi niliandika nikijua anapanda. Mengine siwezi kuyasema." Nilimkasirikia na yeye pia.

Nikaenda kwenye ngazi. Mwanamke mmoja anayefagia pale chini akaniita, "Mama, chukua mkongojo, ngazi zina utelezi." Wana pipa la mikongojo ya kuazima. Akachomoa mmoja akanipa. Ulilia kengele. Kitambaa cha suti yangu ya shule kilikuwa bado pale mkononi, kimechakaa mahali pa kidole gumba chake. Walikuwa wameuokota wakaufanya wa wote, na tangu Oktoba watu nisiowajua wamekuwa wakipanda na mkongojo wa Mama hadi juu, wanashuka, wanaurudisha. Nilikaa chini pale nikalia mbele ya mfagiaji, naye akaendelea kufagia, akanizunguka. Alikuwa na adabu.

Sasa swali lako. Nilitaka kukuambia gari lilikuwa bovu. Halikuwa bovu.

Wewe ulikuwa hupo jioni alizokuwa anafungua ukurasa ule mtupu. Alikuwa anaupapasa, anasema, "Hiki kikijaa, Fusae, kazi yangu imekwisha, naondoka." Anasema akitabasamu, kama mtu anayesema kesho nakwenda sokoni. Kila mwaka anasema. Mimi nimesoma, nimefundisha sayansi miaka ishirini na tisa, na niliamini. Niliamini kwamba maadamu ukurasa ni mtupu, mama yangu haendi popote. Kwa hiyo jua likawa kali, na upepo ukawa mwingi, na gari likawa bovu. Nilimnyima jambo moja aliloniomba, miaka sita, ili nibaki naye. Aliponitoroka, alinitoroka mimi na si ugonjwa. Hilo nilikuwa najua tangu niliposoma kikaratasi cha mezani, na ndiyo maana nilikuandikia lile neno la Desemba, kwa sababu lilikuwa linatafuta mtu wa kumwangukia.

Neno hilo nalifuta. Uongo wako siufuti. Kwamba ulisimama mbele ya jeneza umeshika kibao ukatazama mikeka, hilo nitakuwa na hasira nalo mpaka na mimi niwekewe viatu vya majani. Usiniombe nilisahau.

Nilipanda. Nilipofika kwa Jizo mwenye kitambaa chekundu nilisimama, nikaanza kuhesabu upya kwa macho kutoka pale hadi mlango wa hekalu. Ni ngazi kumi na sita, Teiji. Alikuwa amebakiza kumi na sita, na alikuwa anakuambia juu.

Sikuendelea. Niligeuka na mimi nikashuka, kwa sababu hizo si za kwangu kuzimaliza.

Nimezungumza na mtawa wetu, na nimezungumza na kijana wa miwani. Kaburi litafunguliwa Jumamosi tarehe 11 Aprili, saa nane mchana, na kitabu kitaingia pamoja na chungu. Lakini asubuhi saa tatu uwe chini ya ngazi zile. Mwambie bosi wako samaki watasubiri. Nitakufungia chungu kwa kitambaa cheupe, na utamweka mgongoni kama ulivyomweka siku ile. Mimi nitashika kitabu na mkongojo, nitakuwa nyuma yako ngazi zote tisini na nne, na ukisimama kwa Jizo nitakuchoma nao kisogoni.

Mlete na Sayo, amsalimie bibi yake. Vaa viatu visivyoteleza, mvua za huku hazijaisha.

Dada yako,
Fusae